Tinti kuukuu imegeuka zambarau: naibanduaje bila kuua nyaya za kioo cha nyuma?

Njugu_Karanga, Nakuru. Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wadau, habari za jioni. Nimenunua gari, Toyota Fielder, kwa mwalimu mmoja wa huku Lanet. Injini haina neno, bodi ina mikwaruzo ya kawaida tu, lakini vioo ni balaa. Tinti aliyoibandika mwenye gari wa kwanza imegeuka zambarau kama kanzu ya askofu. Kioo cha nyuma ndicho kimezidi wenzake: malengelenge kila mahali, na usiku taa za lori moja nyuma yangu naziona kama msafara mzima. Juzi nikirudi nyuma pale sokoni nusura nimgonge mtu wa mkokoteni. Alinipa maneno yangu, na nilistahili.

Fundi mmoja mjini anataka elfu nne kwa vioo vyote, kisha akaongeza, "Lakini nyaya za kioo cha nyuma zikikatika, usinirudie." Hayo ya mwisho, kuhusu zile nyaya za kuondoa ukungu, ndiyo yaliyonileta hapa. Kama hasara ni yangu kwa vyovyote, basi heri niifanye kwa mikono yangu. Nina wembe, nina sabuni ya maji, nina Jumamosi nzima. Nini kingine?

Proboxi_Haifi, Free Area. Jumatatu, saa 3:24 usiku

Wembe unatosha. Paruza, futa, washa gari. Nusu saa umemaliza.

Vioo_na_Jua, Kisumu. Jumatatu, saa 4:02 usiku

Njugu, huyo wa hapo juu mpende kama ndugu lakini usimsikize.

Nimebandika na kubandua tinti huku Kisumu miaka kumi na moja. Kabla hujagusa chochote, hakikisha kwanza unachotaka kubandua kinabanduka. Magari mengi yanayotoka Japani huja na vioo vya nyuma vyenye rangi tangu kiwandani, na rangi hiyo imo ndani ya kioo chenyewe. Utaparua mpaka Krismasi na haitoki. Teremsha kioo cha mlango hadi nusu uangalie ukingo wake wa juu. Karatasi ya tinti huishia kabla kidogo ya ukingo, na kucha yako itaukuta mwisho wake. Nimewahi kuletewa Wish na bwana aliyekuwa ameshamaliza pakiti ya nyembe kwenye kioo cha kiwandani. Kioo kilibaki na rangi yake, na juu yake kikapata michoro kama ramani ya mito.

Yako imekuwa zambarau, kwa hiyo sina shaka ni karatasi, tena ile ya bei ya chini. Hiyo hupakwa rangi ya kawaida, na jua huziua rangi hizo moja baada ya nyingine. Nyeusi huondoka, zambarau inabaki. Malengelenge nayo ni gundi iliyochoka, imeachia kioo.

Sasa sikiliza. Kubandua karatasi si kazi. Kazi ni gundi. Ukiivuta karatasi ikiwa baridi, gundi yote inabaki kwenye kioo na utaililia siku mbili. Ukiivuta ikiwa moto, polepole, gundi inalainika na kuondoka pamoja na karatasi yake. Ukikumbuka hilo moja tu, mengine utayaelewa ukiwa kazini.

DadaSaluni, Kakamega. Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Joto unalo hapo nyumbani, kaka. Blodraya ya nywele. Mume wangu alitoa tinti ya Demio kwa ile yangu kuukuu ya dukani na ilifanya kazi. Weka kwenye moto wa juu, usiikaribishe sana kwenye raba za mlango, na usiisimamishe mahali pamoja. Isogeze kama unavyokausha kichwa cha mtu ambaye unataka arudi tena.

Ila mrudishie mwenyewe. Yangu ilikaa kwenye buti mwezi mzima.

Proboxi_Haifi, Free Area. Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Haya, wembe na blodraya. Siku hizi kubandua tinti ni harusi.

Ex_Dereva_wa_Lori, Bungoma. Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Nyongeza kidogo kutoka kwa mzee. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, katikati mna utando wa plastiki. Vya pembeni na cha nyuma ni kioo kimoja kilichokazwa kwa moto. Ukikipasha joto kali mahali pamoja kisha ukimwagie maji baridi, usishangae kikilia. Na kama kile cha mbele kina ufa, hata mdogo kama unywele, usikipelekee moto kabisa. Ufa unapenda joto kuliko paka.

Njugu_Karanga, Nakuru. Jumanne, saa 7:15 mchana

Asanteni sana. Nimeangalia ukingo: kucha imenasa, ni karatasi. Vioo vya mbele na pembeni nimeelewa. Kile cha nyuma bado kinanitisha. Zile nyaya ziko upande gani hasa, ndani au nje?

Vioo_na_Jua, Kisumu. Jumanne, saa 8:00 mchana

Ndani. Na tinti iko ndani vilevile, juu yake. Hapo ndipo msiba ulipo. Ile mistari ya kahawia unayoiona si nyaya zilizofichwa ndani ya kioo. Ni rangi yenye fedha iliyochapwa juu ya uso wa kioo na kuchomwa pamoja nacho. Umeme ukipita inapata joto na kuondoa ukungu. Ukipitisha wembe hapo unakata saketi. Tena angalia na vioo vya ubavuni nyuma, maana magari mengine huwa na waya wa redio uliochapwa vivyo hivyo. Ukikata huo, utaendesha kimya kimya.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kwenye kioo chenye mistari, wembe hauingii. Uache nje ya gari kabisa, maana ukiwa karibu utashawishika.

Njia ninayotumia mimi ni karatasi nyeusi ya plastiki, amonia na jua. Jua la Kisumu saa saba mchana linafanya kazi bila kulipwa. La Nakuru silijui vizuri, mko juu huko na baridi yenu.

Mama_wa_Bahati, Bahati. Jumanne, saa 2:20 usiku

Jua la Nakuru lipo, mwanangu, ila linaondoka saa nane mvua ikija. Anza mapema lakini si alfajiri. Saa nne ni sawa.

Plastiki nyeusi usiitafute kwa mifuko, tangu marufuku ya 2017 mifuko imekuwa hadithi. Nenda duka la dawa za mifugo uulize ile karatasi ya kufunikia sileji. Wanakata kwa mita. Mimi huitumia kwa majani ya ng'ombe, na naweza kukuhakikishia kwamba ukiilaza juani nusu saa huwezi kuweka mkono. Ikiwa ni nyeupe upande mmoja, weka ule mweusi uangalie jua.

DadaSaluni, Kakamega. Jumanne, saa 3:00 usiku

Kuhusu amonia niseme mimi, maana ndiyo ile inayowatoa watu machozi kwenye rangi za nywele. Fungua milango yote. Vaa glavu. Kama una pumu, mpe mtu mwingine kazi hiyo. Na usijaribu kuichanganya na Jik au dawa yoyote ya kung'arisha nguo, eti iwe kali zaidi. Inatoa hewa ya sumu. Usidhani nakuogopesha, kuna watu wanaosafisha vyoo hivyo na wanaishia hospitali.

Kijana_wa_Section58, Nakuru. Jumanne, saa 3:12 usiku

Nimekuja kusoma kuhusu tinti, nimepata elimu ya sileji na saluni. Nabaki hapa.

Njugu_Karanga, Nakuru. Jumamosi, saa 2:45 usiku

Wadau, ripoti ya siku ya kwanza. Vidole vinauma, naandika na kimoja.

Nilianza saa mbili asubuhi kwa kiherehere. Kosa. Baridi ya kutoka Menengai bado iko hewani, kioo kama barafu. Mlango wa dereva nilianza kwa kucha kwenye pembe ya juu, nikavuta, karatasi ikakatika kipande cha ukubwa wa stempu. Nikavuta tena, stempu nyingine. Saa nzima nikawa nakusanya stempu. Gundi yote ikabaki kwenye kioo, inang'aa kama njia ya konokono.

Hapo nikamwendea dada yangu, nikaomba blodraya. Mlango wa abiria nikaupasha kwa nje kwanza, kisha kwa ndani kwenye pembe. Nikauvuta polepole huku mke wangu akifuata kwa moto sentimita chache mbele ya vidole vyangu. Jamani! Ilitoka nzima. Kipande kimoja, kama ngozi ya ndizi iliyoiva. Nilikishika juu nikamwonyesha jirani, naye akaniuliza kama niko sawa.

Mtu asije akafanya hii kazi peke yake. Mmoja avute, mmoja ashike moto. Nilipokuwa peke yangu nilitumia saa mbili kwa kioo kimoja. Tulipokuwa wawili, kama dakika ishirini na tano, na hatukugombana.

Chini kabisa, pale karatasi inapoingia kwenye raba, teremsha kioo kidogo, halafu bana raba na kipande cha kadi. Mimi nilisahau kwenye mlango wa kwanza, sasa kuna mstari wa zambarau unaochungulia kila nikifunga kioo.

Kuhusu gundi iliyobaki: Proboxi aliniandikia pembeni nitumie mafuta ya taa. Nikatumia. Gundi ililainika, ni kweli, lakini ikageuka uji, ikapakaa kila mahali. Na gari linanuka kama jiko la stovu la bweni. Msaada.

Proboxi_Haifi, Free Area. Jumamosi, saa 2:58 usiku

Mimi nilisema kidogo.

Vioo_na_Jua, Kisumu. Jumamosi, saa 3:30 usiku

Hahaha. Pole. Mafuta ya taa hayaharibu kioo lakini yanaacha utando, na utando huo unakusanya vumbi. Osha kwanza kwa maji ya moto kiasi na sabuni nyingi mpaka harufu ipungue. Kisha chukua spiriti ya dukani, ile ya hospitali, mimina kwenye kitambaa na si kwenye kioo, paka, iache dakika moja, futa. Rudia. Thina ya rangi usiiguse. Inatoa gundi kweli, lakini tone moja likianguka kwenye plastiki ya mlango linaacha kovu la maisha.

Kwenye vioo vya pembeni visivyo na mistari, hapo sasa nakuruhusu wembe. Uwe mpya, kioo kiwe kimelowa sabuni, uulaze chini kabisa kama unayenyoa mtoto, na usukume upande mmoja tu. Usirudi nao nyuma. Ukirudi nao unaburuta chembe ya mchanga, na chembe hiyo ndiyo inayochora kioo, si wembe wenyewe. Ukiona ncha ina kutu, utupe.

Kesho ni cha nyuma. Umejiandaa?

Njugu_Karanga, Nakuru. Jumamosi, saa 3:41 usiku

Plastiki ya sileji ninayo, mita mbili. Amonia nimepata chupa moja kwenye duka la kemikali. Nia ninayo. Moyo sina.

Vioo_na_Jua, Kisumu. Jumamosi, saa 4:10 usiku

Basi una bahati kwamba ni Fielder. Mwenye gari la saluni, lile la buti refu, hujikunja kwenye kiti cha nyuma kama fuko, amonia yote inamwingia puani. Wewe inua mlango wa nyuma. Ukiinuka, kioo kinalala, uso wa nje unatazama mbinguni na wa ndani unakutazama wewe uliyesimama chini yake. Jua linapasha kwa juu, wewe unavuta kwa chini, harufu inaondoka na upepo.

Kabla ya hapo: ukiwa bado umefunga, kata plastiki vipande viwili kwa kipimo cha kioo. Toa kila kitu buti, tandika shuka kuukuu, funika spika. Nyunyiza maji ya sabuni kwa nje, bandika kipande cha kwanza. Kwa ndani nyunyiza amonia kwenye tinti, bandika cha pili juu yake ili isikauke. Acha juani saa moja, hata moja na nusu kwenu huko. Hakikisha gari limeegeshwa mahali jua linapopiga kioo hicho moja kwa moja. Ikianza kukauka, nyunyiza tena. Amonia ikikauka umerudi mwanzo.

Kisha vuta kufuata mistari, kutoka pembeni kwenda pembeni. Usivute kutoka juu kwenda chini ukiikatiza. Ukifika kwenye vile vipande vipana vya kando ambako waya wa umeme umeshikwa, pumzika, pasha tena, nenda kama mwizi. Gundi iliyobaki itoe kwa sponji, maji ya sabuni, na ukucha au kadi ya simu kuukuu. Narudia: wembe uwe nyumbani.

Njugu_Karanga, Nakuru. Jumapili, saa 10:20 jioni

Mama wa Bahati alisema saa nane. Mvua imekuja saa saba na robo. Nilikuwa nimeshabandika plastiki, nimeshanyunyiza, nimeshavaa glavu za mke wangu za kufulia. Nikafunga kila kitu, nikaenda kula ugali. Jumamosi ijayo.

Mama_wa_Bahati, Bahati. Jumapili, saa 11:00 jioni

Mimi nashukuru kwa mvua, mahindi yangu yalikuwa yameanza kukunja majani. Pole lakini.

Njugu_Karanga, Nakuru. Jumamosi iliyofuata, saa 1:30 usiku

Imetoka!

Jua lilikuwa kali tangu saa tatu. Nimeacha plastiki saa moja na dakika ishirini. Nilipoinua mlango na kutoa kipande cha ndani, karatasi ya tinti ilikuwa imeshaanza kujikunja yenyewe kwenye pembe, kama inaomba kuondoka. Nimevuta kufuata mistari. Robo tatu ya kioo imetoka bila gundi hata chembe. Mke wangu alikuwa na blodraya tayari lakini hakuiwasha.

Sasa naomba radhi mapema, hasa kwa Vioo. Kwenye pembe ya chini kulia palibaki doa la gundi la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Nimesugua kwa sponji, nimesugua kwa kadi, halitoki. Wembe haukuwa nyumbani. Ulikuwa mfukoni.

Kidogo tu. Mara mbili.

Nimewasha kiondoa ukungu baada ya kupulizia kioo pumzi. Mistari yote inafungua njia isipokuwa wa tatu kutoka chini.

Kijana_wa_Section58, Nakuru. Jumamosi, saa 1:34 usiku

"Ulikuwa mfukoni." Nimecheka mpaka chai imemwagika.

Vioo_na_Jua, Kisumu. Jumamosi, saa 2:05 usiku

Sikulaumu. Kila fundi ninayemjua, mimi nikiwemo, ana kioo kimoja anachokikumbuka usiku.

Inatibika. Usidhani tu kwamba ni pale ulipopitisha wembe, pima. Tafuta mita ya umeme, iweke kwenye volti za betri. Washa gari na kiondoa ukungu. Waya mweusi wa mita ugusishe kwenye chuma tupu cha bodi. Ncha ya waya mwekundu ifunge kwa karatasi ya foili ili isikwaruze, kisha itembeze taratibu juu ya mstari mbovu. Mstari mzima una volti kama 12 upande unaoingia umeme na hushuka kidogo kidogo mpaka 0 upande wa pili. Katikati utasoma kama 6. Uliokatika haushuki hivyo. Unabaki na 12 mpaka pale ulipokatika, halafu ghafla 0. Hapo ndipo jeraha lako.

Kuna rangi yenye fedha inayouzwa kwenye vichupa vidogo kwa kazi hii. Si bei ya chumvi, lakini ni rahisi kuliko kioo kipya. Safisha kwa spiriti, bandika utepe juu na chini ya mstari uache uwazi mwembamba, paka, toa utepe, usiiwashe mpaka kesho yake.

Njugu_Karanga, Nakuru. Alhamisi, saa 2:50 usiku

Duka moja la vipuri Nairobi walikuwa nayo, wakanitumia kwa matatu, nikaipokea stejini jioni ile ile. Mita nimeazima kwa fundi wa redio. Jeraha lilikuwa pale pale, upana wa punje ya mchele. Nimepaka jana.

Leo alfajiri nilikuwa na safari ya Eldoret. Timboroa ukungu ulikuwa kama maziwa, ndani ya gari tuko watu wanne na vioo vyote vimefunga. Nimebonyeza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu kutoka chini umechelewa kidogo kama mtu mvivu, halafu nao ukafungua. Nyuma yangu kulikuwa na lori moja, lenye taa mbili.

Blodraya nimemrudishia dada. Rangi ya fedha imebaki zaidi ya nusu ya kichupa.

Proboxi_Haifi, Free Area. Alhamisi, saa 3:15 usiku

Ndugu yangu, hiyo iliyobaki unaiuza au unaigawa? Nauliza kwa sababu mistari ya Probox yangu haijawaka tangu ile siku ya nusu saa. Yote.